Kumi na Nne Zote Zipo

Kofi alilopigwa Nasur Jumanne ile lilisikika hadi kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, naye akasimamisha kazi akatazama dari. Halikuwa kofi la kutishia. Lilikuwa la kiganja kizima, kofi la mtu aliyelelewa kambini, na lilimpata Nasur sikioni akiwa ameketi, akaenda chini pamoja na kiti na kikombe cha chai. Alipoinuka, damu ilikuwa ikichuruzika kutoka ndani ya sikio hadi kwenye kola ya shati.

"Dakika ishirini!" Ocira alinguruma. "Kikuubo imenyamaza dakika ishirini na wewe unakunywa chai! Watu wakikufa kule, utawafufua na chai?"

"Afande, ni umeme tu. Kuna mtu kule alichomoa waya, akachaji simu."

"Mimi nimekuuliza umeme?" Akamzaba la pili.

Husnah, fundi mwenzake Nasur, aliendelea kuandika kwenye kompyuta yake kana kwamba haoni. Msimlaumu. Katika chumba kile cha juu, pale Kyebando, Kampala, aliyeinua macho wakati usiofaa alipata fungu lake.

Haya, niwaambie huyu Ocira ni nani, maana mkimchukia mapema hamtanielewa, na mkimhurumia mapema mtanikasirisha. Alizaliwa kambi ya polisi Nsambya, mtoto wa nne wa koplo mmoja Mwacholi aliyependa fimbo ya mpera kuliko chakula. Kila jioni saa kumi na mbili koplo aliwapanga nje watoto wa safu yao ya nyumba, wake na wa majirani, akawaita majina kama askari kwenye gwaride. Asiyeitikia alisakwa, na akipatikana alichapwa mbele ya mama yake. Watoto nao si wajinga. Wakazoea kuitikiana: mmoja akiwa bado uwanjani anafukuza mpira, mwenzake anabana sauti huko nyuma ya mstari, "Yupo, afande!" Aliyemwitikia Ocira kuliko wote alikuwa msichana wa Kinubi wa nyumba ya pili, binti wa sajini, na msichana huyo ndiye Husnah huyu huyu. Siku koplo alipogundua mchezo wao aliwachapa wote wawili mpaka fimbo ikakatika, halafu akaenda kukata nyingine.

Alipokua akaingia jeshini, kitengo cha redio, akapelekwa nchi ya watu kulinda amani ambayo haikuwapo. Nje ya mji kulikuwa na kituo kidogo cha askari tisa, nao walitakiwa kuitikia redioni kila nusu saa. Asubuhi moja wakanyamaza. Aliyekuwa zamu akasema ni betri. Wakanyamaza tena, akasema ni betri. Kikosi kilipofika kiliwakuta wote tisa wamechinjwa, wa mwisho ameshikilia redio. Ocira ndiye aliyewapakia kwenye lori mmoja mmoja, na mmoja wao ilibidi ampakie mara mbili, kwa sababu alikuwa vipande viwili.

Tangu siku hiyo, kitu kikiitwa na kisiitikie, mwili wake wote hutetemeka. Mimi jambo hilo namwelewa. Alichokifanya nacho ndicho siwezi kukielewa.

Alirudi Kampala akaanzisha kampuni ya ving'ora. Mwenye duka anawekewa kitufe chini ya meza. Akikibonyeza, ishara inakwenda kwenye seva ndogo ya mtaa wake, seva inaipeleka Kyebando, na gari lenye askari wanne linatoka mbio. Mitaa kumi na minne, seva kumi na nne. Seva ikifa, vitufe vya mtaa mzima vinabaki mapambo. Kikuubo peke yake maduka thelathini na moja yalitegemea seva moja tu, nayo ilikaa kwenye rafu nyuma ya duka la Filda, mke wa Ocira, aliyeuza mablanketi na mashuka kwa jumla.

Kwa hiyo walinzi wenyewe walihitaji kulindwa, na hapo ndipo Ocira alipotoa jasho lake. Mwanzoni kila seva ilikuwa na mipangilio yake, kila fundi aliandika alivyoamka. Ile ya Ntinda ilitakiwa kunyamaza nusu saa nzima ndipo mtu ashtuke. Ya Bwaise ilimpigia simu fundi aliyekwisha acha kazi na kurudi kwao Arua. Ya Kabalagala ililalamikia joto hata mvua ikinyesha. Ocira aliketi na fujo hiyo miezi minane. Akaandika faili moja kwa kila seva, yote kwa mtindo mmoja: jina, anwani, diski ijae kiasi gani ndipo tuambiwe, joto lifike wapi, nani apigiwe simu. Mafaili yote akayaweka mahali pamoja makao makuu. Ukibadilisha neno moja tu, badiliko linanakiliwa kwenye seva zote kumi na nne ndani ya dakika tano, na jina lako linabaki pale pamoja na saa. Kila dakika makao makuu huziita seva kwa anwani zao. Isiyoitikia mara tatu, taa yake kwenye skrini kubwa ya ukutani inageuka nyekundu na king'ora kinalia chumba kizima. Simnyimi haki yake, ilikuwa kazi safi.

Lakini taa nyekundu ikiwaka, mtu alipigwa. Kuna aliyechapwa waya wa mtandao mgongoni mpaka shati likagandamana na ngozi. Kuna aliyesukumwa kwenye ngazi akaacha meno mawili mlangoni kwa fundi cherehani. Hakuna aliyeshtaki, kazi za mjini si za kuokota. Na nyumbani je? Nyumbani Ocira hakuwahi kumgusa Filda hata kwa kidole, na jambo hilo alijisifia mbele za watu kama amepewa cheo.

Baada ya makofi yale ya Jumanne, Kikuubo ikanyooka. Alhamisi asubuhi taa iliyumba kidogo, kisha ikawa kijani. Ijumaa kijani, kutwa. Ocira alisimama mbele ya skrini, mikono kiunoni, akahesabu kwa sauti.

"Kumi na nne zote zipo. Mnaona? Mkono kidogo tu, hata mashine inapata adabu."

Husnah alikuwa anatazama kucha zake.

Jumamosi, saa tano asubuhi, simu ya Ocira ikalia. Alikuwa Benedicte, mama wa Kikongo aliyeuza vitenge mkabala na duka la Filda.

"Baba Acan! Wezi wako kwa duka ya mama! Wako na mapanga! Tuma watu yako, haraka!"

Ocira akainua macho ukutani. Kikuubo kijani. Hakuna kitufe kilichobonyezwa, mtaa mzima.

"Tulia kwanza, Benedicte. Kwangu hapa kuko sawa."

"Sawa gani? Mimi naona na macho yangu!"

"Mashine yangu inaitikia. Kama ni wezi, Filda angebonyeza. Hao ni wapagazi tu wanagombana."

Jamani! Mtu anaambiwa mkewe anavamiwa, na yeye anabishana kwa ajili ya taa! Alibishana dakika nne. Akamgeukia Nasur amwambie aangalie vizuri, na Nasur, uso umemgeuka rangi ya majivu, akamtazama Husnah badala ya skrini. Halafu ndani ya simu, nyuma ya sauti ya Benedicte, Ocira akasikia mwanamke anapiga yowe, na yowe hilo alilijua, maana alikuwa amelisikia mara mbili, siku walipozaliwa watoto wao. Akaitupa simu akakimbilia gari.

Kikuubo Jumamosi ni watu juu ya watu, lakini siku hiyo walimpisha wenyewe. Opoka, mlinzi wa mlangoni, alilala kifudifudi juu ya bando la mablanketi. Panga lilikuwa limempata shingoni mara mbili, na mablanketi yalikuwa yamekunywa damu mpaka yakawa mazito kama yametoka mtoni. Nyuma ya meza, sakafuni, aliketi Filda. Mkono wa kulia alikuwa ameubana kwapani, gauni limeloa hadi magotini, macho yamepanda. Vidole vyake viwili vilikuwa pale chini karibu na mguu wa meza. Benedicte akasema alimwona: walimkata akiwa bado amekishikilia kitufe, hakutaka kukiachia.

Nje, umati ulikuwa umemkamata mwizi mmoja. Walikuwa wamemvua shati na kumpasua kichwa kwa tofali, naye alikuwa anatambaa akiomba kwa lugha tatu. Ocira alilichukua rungu la Opoka, akapenya. Akaanza na goti. Akaja kwenye kiwiko. Akarudi kwenye goti lile lile. Mifupa ililia, watu walioanza kwa kushangilia wakanyamaza, na mmoja akaanza kutapika. Askari wawili wa polisi walimvuta kwa nguvu ndipo akaacha. Nisiwadanganye, wakati ule alikuwa anaona raha.

Filda alikuwa anapakiwa garini kupelekwa hospitali Nsambya. Ocira aliingia dukani kuchukua kitambulisho cha mkewe, na hapo ndipo alipoitazama rafu. Seva ilikuwa nyeusi tii, haina taa hata moja. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, mwandiko wa Nasur: *Imeungua sehemu ya umeme. Spea inakuja Jumatatu.* Na tarehe ya Alhamisi.

Mume mwenye akili angepanda gari na mkewe. Ocira alipanda bodaboda kwenda Kyebando, rungu mkononi.

Alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akafungua faili la Kikuubo. Jina, sawa. Joto, sawa. Anwani haikuwa ya Kikuubo. Ilikuwa ya Ntinda. Tangu Alhamisi, kila dakika makao makuu yalipoita Kikuubo, Ntinda ndiyo iliyoitikia. Na uongo huo, kwa mpango wake mwenyewe alioutolea jasho miezi minane, ulikuwa umenakiliwa kwenye kila mashine iliyokuwa hai ndani ya dakika tano. Jina la aliyebadilisha lilikuwa pale pale, halikufichwa: Husnah, Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

"Ni mimi," Husnah akasema. Alikwisha simama. "Nasur ndiye alikuwa zamu, na sikio lake bado linatoa usaha. Wallahi nilisema ni mpaka Jumatatu tu. Nilimwitikia kama nilivyokuwa nakuitikia wewe."

Ocira akashusha rungu. Lilimpata Husnah kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ukakatika kwa sauti ambayo kila mtu mle chumbani aliisikia. Akaliinua tena, na safari hii lilikuwa linakwenda kichwani. Nasur akamrukia mgongoni. Wakaanguka juu ya meza, kompyuta zikamwagika, Nasur akamng'ata bega na hakuachia, fundi cherehani akapanda na mkasi mkononi, askari wa gari wakafika, na wanaume sita wakamlalia Ocira sakafuni mpaka akaishiwa pumzi.

Jumapili alikwenda hospitali. Filda alikuwa amelazwa kando ya dirisha, mkono umefungwa ukawa mkubwa kama mtoto mchanga. Ocira hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda akaongea bila kutua, jinsi Nasur alivyoficha, jinsi Husnah alivyobadilisha anwani, na jinsi atakavyowafanya wote wawili walie mpaka kaburini. Filda alimwacha amalize.

"Nilijua imekufa," akasema.

"Nini?"

"Mashine. Nasur alikuja Alhamisi, akaifungua mbele yangu. Alikuwa anatetemeka, na pamba iko kwa sikio. Akaniuliza, mama, nimwambie afande? Mimi ndiye nilisema usimwambie. Ngoja spea."

Ocira akashika chuma cha kitanda. "Wewe? Filda, wewe umelala na mimi siku mbili, unajua kitufe kimekufa, na hukusema?"

"Sikusema."

"Mimi nimewahi kukupiga? Sema mbele ya Mungu! Nimewahi?"

"Hujanipiga. Lakini nani anafua mashati yako, Baba Acan? Mimi nafua damu ya watu kila wiki. Ile ya Nasur nimeiloweka siku mbili." Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatiririke. "Opoka ana watoto watano. Mimi ndiye nimemuua, mimi na woga wangu. Niliogopa utakachomfanyia Nasur kuliko nilivyoogopa wezi. Wezi wanakuja siku moja."

"Kama ulijua imekufa, kwa nini ulishikilia kitufe mpaka wakakukata?"

Filda aligeuza uso ukutani.

"Sikuwa na kingine cha kushika," akasema.

Muuguzi alikuja kubadilisha dripu, akamwomba Ocira asogee. Akasogea. Alisimama kwenye korido mpaka jioni, watu wakimpita na mabeseni na vyakula, na ukimuuliza leo alifikiri nini hawezi kukuambia. Anachokumbuka ni kwamba aliitazama mikono yake, na alitamani imwage aibu yote iliyokuwa imemjaa, na haikuwa na pa kuimwagia.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi za Kyebando. Walikuwapo wote, mafundi saba, Husnah akiwa na mkono kwenye plasta.

"Saa sita nakwenda polisi kukushtaki," Husnah akamwambia kabla hata hajaketi. "Asubuhi nimekuja kurudisha anwani ya Kikuubo. Sitaki mtu mwingine afe kwa mkono wangu."

"Nenda," Ocira akasema. "Nitakwenda na wewe. Lakini kwanza nataka niulize kitu."

Akavuta kiti akaketi pale pale alipokuwa. Akaiingiza mikono chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Kuna nyingine?"

Mmoja wa mafundi akatazama sakafu, wa pili akamtazama wa kwanza. Ocira alingoja, na kungoja kulimtoa jasho, shingo ilimvimba, miguu ikatikisika.

"Nauliza tena. Kuna mashine nyingine ambayo..."

"Ondoka mlangoni kwanza," Nasur akasema.

Ocira hakuelewa. Kisha akageuza kichwa akaona kwamba kiti chake kiliuziba mlango, na watu saba walikuwa wanapima kama wataweza kumpita. Aliinuka. Akaenda hadi pembe ya mwisho ya chumba, nyuma ya makabati, akaketi chini sakafuni, mikono bado ameikalia.

Ndipo Nasur akasema, sauti juu, kama wasemavyo watu wasioisikia vizuri sauti yao wenyewe. "Bwaise."

"Kabalagala," mwingine akasema.

"Makindye. Lakini hiyo ni tangu Pasaka tu, afande."

"Kawempe."

"Na Nateete."

Pamoja na Kikuubo zikawa sita. Maduka mia moja na tisini, na chini ya kila meza kitufe kisichokwenda popote. Husnah alikuwa anarekebisha mafaili kwa mkono mmoja, anwani moja baada ya nyingine, na kila aliporekebisha moja, taa ya kijani ukutani iligeuka nyekundu. King'ora kikaanza kulia. Hakuna aliyekwenda kukizima.

"Bwaise," Ocira akauliza kutoka kule pembeni, "tangu lini?"

Nasur hakumsikia. Ikabidi aulize tena, kwa sauti zaidi, na mafundi wawili wakaruka kwa hofu.

"Tangu mwaka juzi, afande," Nasur akajibu. "Ile wiki ulimtoa Erinayo meno pale ngazini."

Ocira akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, pale sakafuni, na mafundi wakainama juu ya kompyuta zao wakaanza kuwapigia simu wenye maduka, kuwaonya kwamba vitufe vyao vimekufa.